Anwani ya Lucius

Saginaw, Michigan
12 Oktoba 2003

Mdogo wangu Lucius,

Barua yako nimeisomea mlangoni, koti mwilini, miguu imevimba kwa kusimama kutwa kwenye nyumba ya wazee. Bodi ya parole itakusikiliza Februari, huenda wakakuachia kabla ya kifungo kwisha! Nilipiga ukelele mpaka Bi. Crume wa ghorofani akagonga sakafu kwa fimbo. "Verlene! Umeshinda bahati nasibu?" Nikamjibu, "Zaidi ya hiyo, Bi. Crume, ndugu yangu anarudi." Akasema, "Basi arudi na mgongo wake mzima. Theluji ya mwaka huu sitaikwangua mimi."

Unaniuliza kama uwape anwani yangu. Sasa ungewapa ya nani, na mama yuko kaburini? Wape. Huyo afisa anayekuja kukagua mahali utakapokaa, aje, nitamkaribisha na mkate wa mahindi.

Ila kuna mambo mawili. Unajua naishi kwa vocha: mimi nalipa sehemu ya kodi, ofisi ya nyumba inamlipa Bwana Vossler iliyobaki. Ofisi wanasema jina lako litaingia kwenye nyumba hii iwapo mwenye nyumba atasaini kwamba anakubali mtu aliyetoka gerezani akae humu. Nikihamia kwingine, wanaohama ni wale walioandikwa tu, yaani mimi na Jonelle. Kwa hiyo hapa ndipo penyewe. Vossler nitamwona.

Mkaguzi wa ofisi alikuja juzi, kama kila mwaka. Bi. Ostrowski, mwanamke mrefu, hacheki. Kaandika kitasa, dirisha la chooni, na ile mashine ya joto kule chini. Vossler amepewa muda atengeneze. Usihangaike na hayo.

Mpwa wako Jonelle anauliza kama unajua kucheza dama. Nimemwambia unajua, ila unaiba.

Dada yako,
Verlene

*

Gerezani
27 Oktoba 2003

Dada Verlene,

Mwambie Jonelle siibi. Nasogeza kete kwa imani.

Usiku ule ilipofika barua yako sikula. Wenzangu wakadhani nimefiwa. Mmoja akaniuliza, "Mabry, vipi?" Nikamwambia nimepata anwani. Hapa kuna wazee ambao bodi ingewaachia kesho, lakini hawana mtu wa kusema njoo kwangu.

Niliingia humu kwa upumbavu wa duka la pombe na bastola isiyo na risasi. Nikitoka nataka vitu vidogo tu. Mlango ninaoufunga mwenyewe. Kambare wako wa kukaanga. Theluji ya Bi. Crume nitaikwangua mpaka nione lami.

Nakuomba jambo moja. Nakujua ulimi wako, ni wa mama mtupu. Usigombane na huyo mwenye nyumba mpaka Februari ipite. Akikukanyaga, mwambie samahani kwa kuweka mguu hapo. Baada ya Februari tutamtukana wote wawili.

Mashine ya joto ina nini?

Ndugu yako,
Lucius

*

Saginaw
18 Novemba 2003

Lucius,

Amesaini! Bwana Gerald Vossler, kwa mkono wake, kwamba hana pingamizi Lucius Mabry kukaa hapa. Nimeipeleka ofisini mwenyewe. Usiniulize nimempataje. Alikuja na kofia yake ya kuwindia paa, akakaa kwenye kiti changu bila kuambiwa kaa, akasema, "Verlene, mimi na wewe tunasaidiana, sivyo?" Nikasema ndiyo, Bwana Vossler. Ungeniona ungeanguka kicheko. Mimi, ndiyo Bwana Vossler!

Tuko sawa. Kuna mafua tu, na mafua ya mwaka huu ni ya ajabu, hayana kikohozi wala makamasi. Ni kichwa na kichefuchefu. Jonelle akienda shule anachangamka, akirudi anajilaza. Namwambia wewe ni mtoto wa kwanza Saginaw kuumwa kwa kukosa masomo. Bi. Crume naye yamemshika, anasahau sufuria jikoni. Mimi nikifika kazini nakuwa mzima kabisa, ndiyo maana naona ni uchovu.

Nyumba ina joto. Joto jema, madirisha yanatiririka maji kwa ndani.

Chumba chako kitakuwa kile cha nyuma.

Verlene

*

Gerezani
7 Desemba 2003

Dada,

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nimeuliza mashine ina nini, umenijibu nyumba ina joto. Nyumba imepita ukaguzi au haijapita? Ni swali la ndiyo au hapana.

Tena kuna jambo lingine. Binamu Orville aliniandikia. Anasema alikutana nawe kanisani, akakuuliza habari zangu, ukasema "yupo tu", ukageuza maneno. Hukumwambia narudi. Verlene, kama unaona haya kunipokea, sema sasa. Si dhambi. Una mtoto wa kike ndani, na majirani wana midomo. Afadhali nijue nikiwa huku kuliko nisimame barazani kwako na mfuko wa karatasi, nikuone unachungulia dirishani.

Nikifikiria hilo silali.

Lucius

*

Saginaw
17 Desemba 2003

Wewe Lucius,

Haya? Mimi nione haya? Niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa zamu za usiku? Orville simwambii hata saa ngapi, kwa sababu Orville ni redio. Nikisema unarudi kabla hujarudi, ataliharibu kwa mdomo.

Anwani ni yako. Hilo ndilo jibu la maswali yako yote. Funga mdomo, usali, na usiniandikie upuuzi tena. Kichwa kinaniuma.

Krismasi njema.

Verlene

*

Gerezani
4 Januari 2004

Dada,

Samahani kwa ile barua. Krismasi imepita sijapata hata kadi, na wewe hujawahi kukosa. Nimepiga simu, inaita tu. Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi. Niandikie lolote.

Lucius

*

Saginaw, kwa Loretta wa kazini
9 Januari 2004

Lucius,

Sasa nakuambia yote.

Nyumba haikupita. Haikupita Oktoba, haikupita Novemba. Mashine ya joto ilikuwa na ufa ndani, moshi wake unapenya na kuingia kwenye hewa tunayovuta, na moshi huo hauna harufu wala rangi. Kampuni ya gesi ilikuja mwanzoni mwa Novemba, wakaifunga na kuitundikia kibandiko chekundu: usiwashe. Vossler akashuka chini na spana, akakichana, akaiwasha. Akapanda kuja kwangu, ndiyo siku ile ya kofia.

Nilimwambia, "Bwana Vossler, wamesema ni hatari."

"Wanasema hivyo kila nyumba. Wewe unaogopa, au unataka ndugu yako arudi?"

"Nataka arudi."

"Basi nitasaini. Na wewe hutamwita mtu wa gesi tena. Yule mama mkaguzi akirudi, mwambie imezimwa, mnatumia hita za umeme. Februari nikipata nafasi nitaweka mpya."

Ostrowski alirudi. Akaniuliza machoni, "Imezimwa?" Nikasema imezimwa. Akaniamini, Lucius. Akaandika imefeli kwa kuwa haijatengenezwa. Ofisi ikaacha kumlipa Vossler tangu Desemba, ikaniita kunipa vocha ya kuhamia kwingine. Nikaomba wanisubiri. Ningehama, jina lako lingebaki nyuma.

Jumapili baada ya Krismasi tulikuwa tunavaa twende kanisani. Jonelle alikuwa jikoni anatafuta kiatu. Nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, uso mwekundu kama aliyepigwa na jua. Nikamwita, macho wazi, haitiki. Magoti yangu yakalegea, nikadhani ni woga, kumbe ni ile hewa. Nilimburuta kwa mkono mmoja mpaka barazani, nikamtupa kwenye theluji na gauni lake la kanisani. Nikawapigia kelele watu wa ng'ambo ya barabara. Halafu nikakumbuka juu.

Sikuweza kupanda ngazi. Nilifika ya katikati nikatapika. Zimamoto ndio waliomtoa Bi. Crume. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa kofia yake ya zambarau, mkoba mapajani, tayari kwenda kanisani.

Bi. Crume yu hai. Jonelle amerudi kutoka hospitali. Anatembea, anakula. Anasahau maneno madogo madogo. Jana alitaka kijiko, akasema, "Mama nipe kile, kile," akalia kwa hasira.

Nyumba imefungwa, jiji limebandika tangazo mlangoni. Juu ya hayo yote Vossler amenishtaki. Anataka mahakama initoe kwa kutolipa kodi. Sehemu yangu nimelipa. Anachodai ni ile ya ofisi, anasema ni deni langu.

Barua yake ya kukukubali bado iko ofisini. Nimefikiri, tukimlipa kidogo kidogo huenda akatengeneza, na mwezi wa pili afisa wako akija

Sijui nilitaka kusema nini hapo. Nimechoka.

Verlene

*

Gerezani
16 Januari 2004

Dada Verlene,

Ni mimi niliyekuambia umwambie samahani kwa kuweka mguu hapo.

Nimejaribu kulieleza kwenye karatasi nne, nimezichana.

Usimlipe. Nenda kwa mawakili wa bure, nenda leo. Chukua mkataba wako wa kupanga pamoja na ile karatasi ya ofisi iliyoambatanishwa nao. Hapa kuna mtu ambaye mama yake aliponea kwa karatasi kama hiyo: sehemu ya ofisi si deni la mpangaji, hata ofisi ikiacha kulipa kwa ubovu wa nyumba. Na ile vocha ya kuhama, ichukue. Usimsubiri mtu.

Mambo ya parole niachie mimi. Usimtafute afisa, usimpigie mtu simu. Nimeyashughulikia.

Mkumbatie Jonelle. Mwambie mjomba naye anasahau maneno.

Lucius

*

Saginaw, kwa Loretta
20 Februari 2004

Lucius,

Tumeshinda kesi. Nakuambia hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Wakili ni Bi. Adair, binti mwembamba mwenye mafua ya kweli, anapenga kamasi kila sentensi. Nilimwambia mapema kwamba nilimdanganya mkaguzi. Akasema, "Hilo utakaa nalo wewe, Bi. Mabry. Halimpi yeye haki ya kudai pesa isiyo yake."

Mahakamani hakimu alimuuliza Vossler, "Mpangaji amelipa sehemu yake?"

"Amelipa, lakini..."

"Unadai nini basi?"

"Sehemu ya serikali, mheshimiwa. Wameninyima. Mimi nina benki inanidai."

"Kwa nini wamekunyima?"

Vossler akatazama kofia yake. Bi. Adair akasimama, akasoma kile kipengele cha mkataba, chenye saini ya Vossler mwenyewe chini: mwenye nyumba hatamdai mpangaji sehemu ya ofisi, wala hatamtoa kwa sababu hiyo. Halafu akaeleza habari ya kibandiko. Hakimu akavua miwani. "Ulikichana wewe?"

"Wapangaji walilia baridi, mheshimiwa."

Hapo nilisimama, Loretta akanivuta sketi nikakaa. Kesi ikatupwa. Jiji limemtoza faini. Bi. Adair anasema madai ya Jonelle na Bi. Crume ni kesi nyingine, ya miaka, na nyumba zote za Vossler ziko kwa jina la kampuni isiyo na kitu ila madeni ya benki.

Nje kwenye ngazi alinipita akaniambia, "Hongera, Verlene. Umeshinda haki ya kukaa kwenye nyumba isiyokalika."

Nikafunga koti, nikashuka ngazi.

Bi. Crume wamemleta kwetu, nyumba ya wazee. Ni wangu, nimeomba awe wangu. Namwosha, nachana nywele zake. Ananiita "binti" kama anavyomwita kila mtu. Jana aliniuliza kama najua nani anakaa chini kwake, maana wana kelele.

Sasa wewe. Afisa wa parole nilimpigia, ulinikataza nikampigia. Akasema, "Hatuna haja ya kuja, mama. Ndugu yako aliifuta anwani yako Januari." Nikamwambia amekosea jina. Akanisomea. Lucius, mimi nililala kwenye sumu ile kwa ajili ya anwani hiyo. Mtoto wangu alilala humo. Ukaifuta kwa kalamu! Hukuniuliza! Umefanya yote yawe bure.

Verlene

*

Gerezani
3 Machi 2004

Dada,

Nilijua utasema hivyo, ndiyo maana sikukuambia.

Kama ningeiacha, ungebaki. Nakujua. Ungempelekea Vossler chakula, ungemlipa deni lisilo lako, ungerudi kulala juu ya ile mashine ukiwa na shuka puani, mpaka afisa aje aone kitanda changu. Barua yako ilikatika katikati ya sentensi, nami nikaimalizia mwenyewe. Nikaomba karatasi siku hiyo hiyo.

Bodi walinisikiliza wiki iliyopita. Walikuwa watatu, mmoja kwenye televisheni. Yule mama wa katikati alikuwa na faili langu, akasema tabia nzuri, kazi ya jikoni nzuri. Akauliza, "Bwana Mabry, ukitoka utakaa wapi?"

"Sina mahali, mama."

"Hapa kulikuwa na dada."

"Alikuwepo. Nyumba yake ilikuwa inaua watu."

Akasema wanaweza kunitafutia kitanda kwenye makao ya waliotoka gerezani, lakini kuna foleni, na pengine nipangiwe Detroit. Wameniahirisha mwaka mmoja.

Mwaka ni mrefu, sitakudanganya. Nimerudi kwenye masufuria. Yule mwenzangu aliyeniuliza vipi siku ile, safari hii hakuniuliza. Alinipa nusu ya machungwa yake.

Usiseme bure. Jonelle anapumua kwenye hewa safi, na wewe umeachwa huru kuondoka. Ondoka, Verlene. Vocha ina mwisho wake.

Lucius

*

Saginaw
16 Mei 2004

Mdogo wangu,

Nilikaa na barua yako muda mrefu bila kujibu. Nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu haina mkono wa kuandika.

Tumepata nyumba, ng'ambo ya mto. Niliwapigia wenye nyumba mpaka Loretta akaficha simu. "Vocha hatuchukui." "Imeshachukuliwa." Mmoja alisikia jina la mtaa nilikotoka akakata. Ofisi waliniongezea muda mara moja, na siku zilikuwa zinakaribia ukingoni mzee mmoja wa kanisani kwetu alipofiwa na mpangaji wake. Ndiyo hali yetu, mtu afe ndipo upate mlango.

Ostrowski ndiye aliyekuja kuikagua. Nilimfuata chumba hadi chumba. Alipomaliza kule chini nikamwambia, "Novemba nilikudanganya." Akasema, "Najua. Na mimi sikushuka kuangalia." Alisimama pale, kalamu mkononi. Halafu akasaini kwamba imepita, akaondoka. Hatukuagana vizuri.

Jonelle anafundishwa maneno upya shuleni, mwalimu wake ana subira. Wengine wanamcheka. Dama hachezi tena, anasema kete zinamchanganya.

Jumanne iliyopita basi lilinipitisha mtaa wa zamani. Nikaona pazia madirishani. Tangazo la jiji halipo. Nikashuka. Mwanamke kijana alifungua mlango, mtoto kiunoni, mwingine nyuma ya sketi. Nikamwambia nilikuwa nikikaa hapa. Akasema, "Karibu, umesahau kitu?"

"Mashine ya joto kule chini, dada. Ni mpya?"

"Inang'aa. Mwenye nyumba ameipaka rangi mwenyewe."

"Una vocha?"

"Sina. Nalipa mkononi. Kwa nini?"

Nikamwambia. Bila vocha hakuna mkaguzi anayekuja, basi nilimwambia polepole, habari za ufa, za Jonelle, za Bi. Crume na kofia yake. Nilimwambia baridi ikirudi asiiwashe, amwite mtu wa gesi, ni haki yake, na Vossler hawezi kumtoa kwa kuita. Uso wake ukabadilika, ila haukubadilika kama nilivyotaka.

"Tulikuwa tunalala garini," akasema. "Na hawa. Tangu Januari. Sasa wewe umetoka huko ulikotoka, una nyumba yako, unakuja kunifungia yangu?"

"Sikufungii, dada."

"Wakija wakaguzi tutalala wapi? Kwako?"

Kwangu walioandikwa ni wawili. Akasema, "Tafadhali. Wewe ni mama. Tafadhali niache." Akafunga mlango taratibu, ili mtoto asishtuke.

Nilisimama barazani, Lucius. Nilikuwa nawasikia ndani, yule mkubwa anaimba. Nilijua anachokijua yule mwanamke, maana nilikijua mimi vile vile: kwamba sumu ni ya kesho na baridi ni ya leo.

Nikatembea mpaka simu ya kwenye kituo cha mafuta, nikawapigia watu wa majengo wa jiji, nikawapa namba ya nyumba. Wakauliza jina langu. Nikalitaja.

Jana nilipita tena kwa basi. Mapazia hayapo. Gari lao halikuwepo, wala sijui limeelekea wapi. Loretta anasema nilifanya vema. Mchungaji anasema hivyo hivyo. Wewe niambie ukweli.

Dada yako,
Verlene